Baiskeli ya Sebuleni Nyakabanda

Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliondoka Ndera na begi, bila mpango. Nilikuwa nimechoka kupalilia mihogo ya watu. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nilihama kila mahali nilipoanza kupazoea. Nilitaka kuona upande wa pili wa Kigali, na kabla ya giza nipate pa kulala.

Kosa langu lilikuwa kusema ukweli. Kila nilipobisha hodi Nyakabanda, mtaa wa upande huo, kuomba chumba, niliulizwa natoka wapi, nami nikajibu: Ndera. Kwa watu wa Kigali, Ndera ni hospitali ya wagonjwa wa akili, hata kama wewe ulikuwa unalima tu.

"Walikuruhusu ama ulitoroka?" aliuliza mwenye duka mmoja. Akacheka, na mlango akaufunga.

Mlango uliofuata ulikuwa wazi. Ndani, fundi cherehani mnene mwenye kofia ya kufuma alikuwa juu ya baiskeli katikati ya sebule, gurudumu la nyuma limeinuliwa kwenye stendi ya chuma. Alikanyaga kwa raha kabisa. Nikasahau habari ya chumba, nikaingia kuuliza.

Daktari, aliniambia, alikuwa amekuta sukari nyingi kwenye damu yake, akamwamuru aendeshe baiskeli kila siku, bila kusimama, mpaka atoke jasho. Stendi ilitumwa na shemeji yake aliyeko Ubelgiji.

"Si uendeshe barabarani, mzee?"

"Barabarani? Kila nyumba iko mtu wa kusalimia. Nashuka, nashika mkono, naulizwa habari ya mke, ya watoto. Nikipanda, namuona mwingine. Hapa nimeanza juzi, na jasho hakuna. Nafikiri nimepona."

"Maisha yote umekanyaga cherehani bila kufika popote," mke wake alisema kutoka uani. "Sasa umepata na ya kupanda."

Nikapiga magoti. Kile kigurudumu cha stendi kinachotakiwa kubana tairi la nyuma hakikuligusa hata kidogo. Fundi alikuwa anakanyaga hewa. Nikakaza skrubu, nikaweka ubao chini ya gurudumu la mbele ili asikae kama anayeteremka mlima. Alipokanyaga tena, nyumba ikanguruma na jasho likaanza kumtiririka.

"Kijana, unatoka wapi?" mke aliuliza.

"Ndera, mama."

Akanitazama, akamtazama mumewe anayehema bila kusogea. "Basi walikosea mtu."

Ngurumo ile iliwaita majirani. Wa kwanza alikuwa bibi mwenye kikapu cha mahindi, akidhani tumefungua mashine ya kusaga. Fundi akashuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, wakaulizana habari za nyumba nzima. Jasho likakauka. Akapanda, akaingia mwingine. Akashuka. Daktari hakuwa amesema lolote kuhusu wageni.

Wa tatu nilimpokea mlangoni mimi. Nikamshika mkono. Mke wa fundi hajambo, nikamwambia, na watoto wote wazima, ingawa sikujua wako wangapi. Fundi aliinua kidevu tu, akaendelea kukanyaga.

"Kesho utakuwepo?" aliniuliza akihema.

"Nikipata pa kulala."

"Iko chumba nyuma, kimejaa vitambaa tu. Mama! Toa vile vitambaa!"

Niliusikia mlango wa chumba changu ukifunguliwa huko uani. Sikuweza kwenda kukiona: mtu mwingine alikuwa anaingia sebuleni, mkono ameshaunyoosha.