Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Kaka yangu alipojiandikisha manamba, kibarua wa mkataba, pale Makambako, aende mashamba ya mkonge, alipewa namba 30,031. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni karibu na Yakobi, na kwa kiburi cha ujana nilijiona nina la kusema juu ya kila namba. Nilimsindikiza, nikawa nawasomea wenzake namba kwenye vibati walivyovishwa shingoni, maana wengi hawakujua kusoma. Tukisubiri lori niliigawa namba yake kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara ilibaki moja. Nikamtania kwamba wamempa namba kaidi kama yeye. Kesho yake niligundua kuwa inagawanyika kwa hamsini na tisa, lakini wa kumwambia alikuwa ameshaondoka.

Mkataba ukaisha, hakurudi. Mama nami tukaenda Makambako kuuliza. Karani akapitisha kidole kwenye daftari lililokuwa na namba tu, bila majina, akasema aliyekufa kwa homa ni 30,013. Juu ya 30,031 hakukuwa na taarifa, kwa hiyo yuko kazini bado. Mama alimshukuru kwa kupiga magoti. Niliyachukia magoti yale.

Njiani nikatoa namba moja kwenye nyingine, nikapata kumi na nane. Darasani nilifundisha kwamba ukipishanisha tarakimu mbili, tofauti hugawanyika kwa tisa bila baki. Ndivyo nilivyowakamata walionakili vibaya. Nikajiambia haithibitishi kitu, kwani tofauti moja katika kila tisa hugawanyika hivyo hivyo.

Lakini 30,013 nilimjua. Nilimsomea kibati mwenyewe, mtu wa Matembwe. Jumamosi nikaenda kwa miguu, nikamkuta anapasua mbao, mzima wa afya, kibati chake kimetundikwa ukutani. Alikuwa amefanya kazi shamba jingine, habari za kaka hakuwa nazo. Akanikaribisha viazi, nikamshukuru, nikaondoka.

Mama sikumwambia. Alikuwa na furaha, nami nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Kiangazi kile aliikandika upya nyumba ya kaka ili aikute nzuri. Kiangazi kilichofuata akaanza tena, na hapo nikashindwa kuvumilia. Nikachora namba zile mbili chini kwa kijiti, moja chini ya nyingine, nikamweleza Mama mahali karani alipokosea, na ni nani niliyemkuta Matembwe.

Hakutazama chini. Aliuliza nilijua lini. Nikasema wiki ile ile tuliyotoka Makambako.

"Ulimlilia?"

Nikamjibu kwamba hapana, niliogopa yeye Mama angenisikia.

Udongo ulikuwa ukimkaukia mikononi.

"Basi mwaka mzima na zaidi," akasema, "mwanangu hakuliliwa na mtu."