Aliyemfuata Kalunde

Haya nitakayoyaandika hakuna mtu atakayeyaamini. Niliyasimulia kwa kinyozi wangu pale stendi ya Machakos, akazima mashine katikati ya kichwa changu, akaniambia niende nikamalizie uongo kwingine. Nikatembea mjini mchana kutwa na upande mmoja wa nywele. Ndiyo maana sasa nayaandika, maana karatasi haizimi mashine. Na mahali herufi zitakaponishinda mniwie radhi. Shule niliiacha darasa la saba, ingawa siku hiyo nilitoka langoni wa kwanza.

Kisa ni cha Kalunde, mtoto wa dada yangu. Yuko hapo kibarazani anapangusa cheni kwa tambara, mimi niko mezani kwake nakunywa chai yake, na kila mara ananyoosha shingo kuona nimeandika nini. Kazi yake ni kukimbiza baiskeli. Si kupeleka mkate, si kubeba mitungi ya maji: analipwa mshahara kwa kukimbiza baiskeli tupu isiyobeba hata kikapu. Majirani wa Mitaboni mpaka leo wanamuuliza mamake, "Na huyu wako, ataandikwa kazi lini?"

Timu yao ni ya wanawake watupu. Kocha ni Maundu, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima mpaka suruali inamdondoka. Dereva wa timu, mwenye Probox ya kubeba maji na magurudumu ya akiba, ni mimi. Bila mimi timu hiyo ingekufa kiu zamani, lakini leo sijisifu.

Sasa sikiliza jinsi wanavyofanya. Mbio za mwisho wa msimu, zile za siku tano za mwezi wa kumi na moja, si sawa na mbio za Januari. Januari kila mtu ana miguu mipya na anataka kila kitu. Ikifika Novemba barabara imekwisha kumla. Mmoja goti linauma, mwingine hamu imemwisha, mwingine ndio kwanza amepona malaria na anarukaruka kama ndama. Huwezi kutaka yote. Unachagua kitu kimoja: jezi ya mshindi wa siku zote tano, au jezi ya milima, au siku moja tu ya kuwaibia wenzako ushindi, au unakubali kumkinga mkubwa wako na upepo mpaka afike salama. Unachagua kwa kile kilichobaki mwilini, na hapo ndipo watu hujidanganya, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa kilichobaki.

Kwa hiyo timu ya Maundu haimwachi mtu ajichagulie. Mazoezini kila msichana ana mtu wake wa nyuma, amemgandia gurudumu mwaka mzima, pua inakaribia kiti. Huyo ndiye ameona mabega yako yakianza kuyumba na visigino vikishuka. Siku ya kuchagua anasimama nyuma ya baiskeli yako, anaweka mkono kwenye kiti chako, na analolisema ndilo utakalolikimbilia. Humbishii.

Mtu wa nyuma wa Kalunde alikuwa Nthambi, msichana wa Kathiani, mwembamba, mwenye maneno mengi. Gia yake ya nyuma ilikuwa kongwe. Kama umewahi kupanda baiskeli unajua: ukiacha kukanyaga pedali, gia inalia tik-tik-tik, ukikanyaga, inanyamaza. Ya Nthambi ilipiga kelele mpaka mbuzi waligeuka. Maundu alitaka kuibadilisha, Kalunde akakataa, kwa sababu alikuwa amejifunza kuisoma. Ikilia, Nthambi anapumzika, anabebwa tu, na wewe uliye mbele hujafanya kitu. Ikinyamaza, Nthambi anakanyaga kwa taabu. Umemuweza.

Mwezi wa sita, kwenye mteremko wa kutoka Kathiani, penye kona ya mikaratusi, lori la mchanga lilimchukua Nthambi. Kalunde alikuwa mbele yake.

Tulizika, timu ikarudi barabarani. Na asubuhi ya kwanza, tukipita kanisa la Mitaboni, nikaona kitu kutoka kwenye gari langu: wasichana wote wamepangana gurudumu kwa gurudumu, isipokuwa nyuma ya Kalunde. Hapo waliacha nafasi ya baiskeli moja. Hawakuambizana. Barabara ikipinda, ile nafasi inapinda nayo. Wakipunguza mwendo, nafasi haizibiki. Nikajiambia ni heshima ya msiba, itaisha. Mwezi wa nane ilikuwa bado ipo.

Kalunde hakusema kitu mpaka siku moja nikimpa maji dirishani.

"Anko, unasikia?"

"Nasikia injini. Naona inataka oili."

"Nyuma yangu. Gia."

Nikazima redio, nikatoa kichwa nje. Mimi hapo nilisikia upepo na ng'ombe wa watu. Lakini nikamtazama Kalunde, na kila alipoacha kukanyaga, alikaza mabega kama mtu anayepuliziwa shingoni.

Siku ya kuchagua tulikaa uani kwa Maundu, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, katikati. Mkono juu ya kiti, huyu akapewa jezi ya siku zote tano, yule akaambiwa amkinge, mwingine akaambiwa wazi miguu yake imekwisha aende akapumzike nyumbani, akalia kidogo na akaenda. Ikafika baiskeli ya Kalunde. Hakuna mkono.

Maundu akakohoa. "Nani anamfuata Kalunde?"

Wakatazama muthokoi.

"Basi leo utajichagulia. Chukua milima. Wewe ni mtu wa milima toka zamani."

"Niko na mtu wa nyuma, kocha," Kalunde akasema. "Atanichagulia mwenyewe. Nipe wiki."

Ndunge, mdogo wao katika timu, akaangusha kijiko. Maundu akafanya ishara ya msalaba. "Kalunde, hayo mambo uyaache. Wiki ikiisha bila neno, utabeba chupa za wenzako, na mwaka ujao sijui kama nitakuweka. Siwezi kuweka mtu asiyejua anakimbilia nini."

Hapo ndipo ilipofika. Ama alete neno kutoka kwa yule wa nyuma, ama aiache baiskeli.

Asubuhi tukapanda njia za mbio, yeye mbele, mimi na Probox nyuma, mbali kidogo, kwa sababu aliniomba nisimjazie ile nafasi. Tukaanza na milima ya Iveti. Nilimwona akiinuka kwenye kiti, akikanyaga kama anayeua nyoka. Kila kona alikuwa anatikisa kichwa. Juu kabisa akashuka na kutupa kofia yake chini.

"Analia njia yote, anko! Tik-tik, tik-tik. Hakanyagi, anabebwa tu kama mzigo wa manyoya."

"Labda anakucheka."

"Hata mimi ningenicheka. Hii milima si yangu tena."

Aiya, nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu hapakuwa na huyo mtu wa tatu tuliyekuwa tunamsema.

Kesho yake tukaenda tambarare ya Konza, mahali asipopapenda mtu wa milima. Hakuna kivuli, nyasi zimelala upande mmoja, upepo unakupiga ubavuni kutwa bila kupumzika. Kalunde akainama, mikono chini, akakata ule upepo. Tukapita reli. Tukaendelea. Mwendo wa gari langu ukazidi kupanda, nikadhani mshale umeharibika. Ghafla akakamata breki zote mbili mpaka gurudumu likaburuza, akageuka kutazama nyuma.

Nyuma kulikuwa na lami, na mimi.

Nilipomfikia alikuwa ameshika baiskeli kwa mikono miwili, bado anatazama nyuma.

"Amenyamaza," akasema.

"Si ndiyo vizuri? Umemuweza! Si ndivyo mnavyosoma?"

"Siku ile pia alinyamaza, anko."

Aliingia kwenye gari, akasema nimpeleke Kathiani.

Mamake Nthambi, Munyiva, alikuwa anapura maharagwe uani. Akatuangalia, akavuta kigoda cha pili kwa Kalunde. Mimi nikaonyeshwa jiwe. Ndani ya stoo, mlango ukiwa wazi, lilionekana gurudumu la nyuma la Nthambi limetundikwa kwenye msumari, halikupinda hata kidogo. Kila upepo ulipoingia lilitaka kuzunguka, kisha likabadili nia.

"Mwaitu, mama yangu, kuna kitu sikuwaambia," Kalunde akaanza.

"Najua. Mtu hakai miezi bila kuja kwangu kwa bure."

"Tulikuwa tunashuka. Nilikuwa nasikia gia yake nyuma yangu. Pale kwenye kona ikanyamaza. Nikajua ameanza kukanyaga, nikajua nimemuweza. Nikafurahi, mwaitu. Nikazidisha mwendo. Nilienda nikicheka mpaka sokoni, nikageuka nimtanie, na hakukuwa na mtu." Akafuta pua kwa mkono wa jezi. "Alikuwa amelala kule, na mimi nacheka."

Munyiva aliendelea kupiga maharagwe kwa fimbo yake. Makapi yakaruka. Nilikuwa natafuta mzaha wa kusema, na mimi sijawahi kukosa mzaha, lakini siku hiyo niliukosa.

"Kwa hivyo," Munyiva akasema baadaye, "ulifikiri anakanyaga."

"Ndiyo."

"Anakuja nyuma yako kwa nguvu zake zote."

"Ndiyo, mwaitu."

"Basi endelea kufikiri hivyo. Mimi pia ndivyo ninavyotaka kumfikiria. Saidia hapa, hizi gunia hazijijazi zenyewe."

Tukajaza gunia. Tulipoondoka akatufungia maharagwe kidogo, akanitazama na kuniuliza kama mimi huwa nakula tu au kuna siku nafanya kazi.

Wiki ikaisha. Kalunde akasimama uani kwa Maundu.

"Siku ya nne, kocha. Konza."

"Konza? Wewe?" Maundu akacheka. "Huko ni kwa wasichana wa mapaja. Upepo utakupeperusha mpaka Masii."

"Nimechaguliwa. Humbishii aliye nyuma, ni sheria yako."

Maundu akatazama ile nafasi nyuma ya baiskeli yake kana kwamba kuna mtu wa kumuuliza. Hakumbishia.

"Lakini kwenye upepo wa ubavu huwezi kwenda peke yako," akasema. "Lazima mpokezane kukaa mbele. Ndunge, utakaa gurudumu lake."

Ndunge akawa wa rangi ya majivu. "Kocha, hapo pana mtu."

"Mwombe akusogezee," Kalunde akamwambia. "Ana maneno mengi lakini si mchoyo."

Kesho yake mazoezini nilimwona Ndunge akisogea pole pole, anarudi, anasogea tena, hadi gurudumu lake likaingia pale ambapo tangu mwezi wa sita lilikuwa halijaingia la mtu. Nilimwona akisema kitu, midomo inacheza. Baadaye nikamuuliza alikuwa anasema nini.

"Nilikuwa naomba ruhusa, anko."

Siku tatu za kwanza za mbio Kalunde alikaa katikati ya kundi kama asiyekuwepo. Kule Iveti wakampita hata watoto wa shule waliokuja kuangalia. Watangazaji wakasema amekwisha. Maundu akawa anatafuna rozari.

Siku ya nne tukatoka Konza, na ule upepo ulikuwa unasubiri. Kundi likaanza kukatika vipande vipande kama mkate mkavu. Wakapita reli, na hapo Kalunde akainama, akaenda. Ndunge akaganda nyuma yake. Wakatoka wawili, kisha wengine kadhaa wakawafukuzia.

Nilikuwa kando yao na gari, kwa hiyo hili nililiona. Kalunde alisikiliza. Mtu unaweza kumwona akisikiliza, shingo inakaa hivi. Hakuna tik. Kimya chote cha dunia kilikuwa nyuma yake, kile kile cha kwenye mikaratusi. Nikaona mikono yake ikielekea kwenye breki. Nikajua ndiyo basi, atasimama, atageuka, na hataipanda tena baiskeli maisha yake yote. Vidole vikakaa juu ya breki muda mrefu. Kisha hakukamata. Aligeuza kichwa tu, bila kupunguza mwendo, akatazama.

Ndunge alikuwepo. Mdomo wazi, mate kwenye kidevu, macho yametoka, anakanyaga kana kwamba anafukuzwa na simba. Kalunde akaangua kicheko. Alicheka kwa sauti, jua lile, upepo ule, machozi yanamwenda pembeni kuelekea masikioni, na akazidisha mwendo. Na safari hii aliyekuwa nyuma alikuwa anakuja kweli.

Walifika Machakos, jamani! Mji ulisimama. Kalunde akawa wa kwanza kukata utepe, wenzake wakiwa bado Mlolongo huko wanapimwa kwenye mizani pamoja na malori. Upepo wenyewe ukasimama ukampigia saluti. Gavana akavua kofia, ng'ombe wakavua pembe, na mimi nilipoegesha gari nikasikia kwa masikio yangu haya mawili tik, tik, tik, nikageuka, na hapo kwenye kiti cha abiria cha Probox alikuwa amekaa Nthambi mwenyewe, jezi yake ya kijani, mguu juu ya dashibodi, akanishika bega, akaniambia, Anko, mwambie Kalunde kwamba—

"Anko. Hebu lete hiyo kalamu, mimi Kalunde nimalizie. Hicho kiti kilikuwa na kreti za maji, na mimi nilimaliza wa tatu. Na Nthambi hakukaa kwenye gari lako hata dakika. Alikuwa nyuma ya Ndunge."