Kadi za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao daktari wake wa Bungoma alisema hauponi, unatulizwa tu. Safari ya kutoka kwetu Kitale ilimwaibisha, maana haja haikumpa nafasi ya kukaa garini. Kwa hiyo daktari akatupatia kadi za kupimia choo nyumbani na kichupa cha dawa. Unapaka choo kidogo, unadondosha dawa. Kadi ikigeuka bluu, kuna damu. Majibu nitume kila Jumapili kwa ujumbe, kwa ile simu yangu ndogo ya tochi, mulika mwizi.

Pale bomani aliyejua kuandika ni mimi peke yangu, mke wa mwanawe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mzee na mke wa mwanawe hawasalimiani hata kwa mkono, seuze kukaguana choo.

Kadi ya kwanza mama mkwe aliniletea imefungwa kwa gazeti. Nikadondosha dawa, haikugeuka. Nikaandika: hakuna damu. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Nilifurahi, mjinga mimi, ilhali kila asubuhi nikikamua ng'ombe nilimwona mzee akienda chooni mara nne kabla ndoo haijajaa.

Jumapili ya nne nilimuuliza mama mkwe, akichambua mboga, mbona kadi hazigeuki.

"Hiyo choo ni yangu," akasema bila kuniangalia. "Mzee alikataa. Ati wewe uangalie choo ya baba? Si kuna heshima?"

"Lakini mama, daktari atapunguza dawa."

"Wewe andika tu."

Nikaandika. Ningeweza kuandika ukweli, na hakuna pale ambaye angeusoma. Niliogopa kuitwa mwanamke asiye na adabu. Hasira ninayo hadi leo, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Daktari akajibu kwamba vidonge vipunguzwe kwa nusu. Niliposoma kwa sauti, mzee alisikia kutoka ndani, akamshukuru Mungu.

Baada ya miezi michache tulimfikisha Bungoma akiwa mifupa mitupu, utumbo umetoboka. Daktari alipitia jumbe zangu moja moja.

"Nani alikuwa akiniandikia?"

Mama mkwe akatazama sakafu. Nikasema ni mimi, na kwamba choo kile hakikuwa cha mzee, na kwamba nilijua.

Mzee alikuwa macho. Alinisikia nikitamka neno choo mbele yake, akageuza uso ukutani. Alifariki siku ya tatu, bado ameugeuza.