Bandeji ya Jirani

Hakuzaliwa akiitwa Mama Bandeji, lakini pale kiwandani ukimwuliza mtu jina lake jingine atakuna kichwa na kukuelekeza zahanati. Ni chumba kimoja mwishoni mwa kiwanda cha nyuzi, chenye kitanda cha mpira, sinki linalovuja, na dirisha ambalo vumbi la pamba limelitia ukungu usiotoka hata kwa sabuni. Aliyebanwa kidole na mashine huletwa hapo. Mama Bandeji huosha, hufunga, kisha humrudisha kazini au humweka kando amsubiri daktari, ambaye huja Jumanne na Ijumaa tu.

Zamu ikiisha, wenzake wakienda makwao, yeye hubeba mkoba wake hadi uwanja ulio nyuma ya ghala, ambako wasichana wa kiwanda hucheza mpira wa pete. Huko nako ni kuosha na kufunga. Akifika nyumbani mikono inanuka dawa, na mumewe humtania, "Leo umepika hospitali?"

Mume huyo alikuwa beki wa kutegemewa enzi zake. Alicheza fainali moja goti likiwa limevimba kama boga, akiwa amechomwa sindano ya kuzuia maumivu, na wakachukua kombe. Kombe lenyewe siku hizi hakuna anayejua liko kabati gani. Magoti yake, yote mawili, hayakunjiki tena. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mama Bandeji humvalisha soksi, mguu mmoja baada ya mwingine, naye anatazama dari kama mtu anayenyolewa. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya siku, na kuna asubuhi huona kama siku yake imeshaisha hapo hapo.

Sasa, timu ile ya wasichana ilikuwa na desturi yake. Kwenye karatasi mpira wa pete ni mchezo wa kutogusana. Uwanjani kuna viwiko, kuna nyonga, kuna kutua juu ya mguu wa mwenzako halafu ukaomba radhi kwa sauti ya kumsikilizisha mwamuzi. Timu ya kiwanda cha sabuni ndiyo ilikuwa bingwa wa mambo hayo. Wakiona bandeji, wanaifuata kama nzi. Basi nahodha mmoja wa zamani akatoa akili: goti la kushoto likiuma, fungeni la kulia. Wakaita kufunga jirani. Wapinzani wanamfinya jirani mzima, mgonjwa anapumzika. Ilisaidia kweli, na wasichana walicheka sana kila waliporudi. Makocha hawakuwahi kuambiwa. Makocha huja na kuondoka, na kocha hana siri, akikaa na makocha wenzake atasimulia mpaka rangi ya soksi.

Kocha aliyekuwepo mwaka wa kisa hiki alikuwa kijana mpole aliyetoka kufundisha shule. Akikutana na Mama Bandeji lazima amwamkie, "Shikamoo mama," hata kama walishaonana asubuhi.

Tegemeo lake lilikuwa msichana mmoja mrefu wanayemwita Mnara. Mnara alisimamia mashine za kusokota, na jioni alisimama chini ya pete. Ukimpa mpira pale, rudi tu katikati ukasubiri mwingine, umeshaingia. Kwenye nusu fainali aliruka vizuri, akatua vibaya. Goti la kushoto liligeuka ndani kidogo, kama mlango uliolegea bawaba. Alimaliza mchezo. Baadaye, nyuma ya ghala, Mama Bandeji alilipapasa akahisi joto na uvimbe, na akahisi pia kitu asichokipenda: mfupa wa chini ulikuwa na ulegevu ambao goti la pili halikuwa nao.

"Unaumwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kufunga jirani, Mama," alisema Mnara, akanyoosha mguu wa kulia.

Akamfunga jirani. Ilikuwa desturi, na yeye alikuwa amechoka, na fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata, dhidi ya hao hao wa sabuni.

Kilichowaponza ni uangalifu wa kocha. Jumanne alimleta Mnara zahanati mwenyewe, akasema hataki kubahatisha, daktari alitazame goti. Daktari alikuwa na foleni ya watu mlangoni. Akaona bandeji, akaifungua, akabonyeza huku na huku, akalikunja, akalikunjua.

"Hapa?"

"Kidogo," alisema Mnara.

"Na hapa?"

"Hapana."

"Goti safi hili. Ningekuwa nalo mimi, nisingekuwa napanda ngazi kwa kushika ukuta."

Kocha alicheka kwa faraja, akamshukuru daktari mara mbili. Mama Bandeji alikuwa amesimama pale pale, bandeji mkononi, akiizungusha irudi kuwa bonge. Mnara alimtazama mara moja tu. Mtego waliowategea wapinzani wa sabuni ulikuwa umemnasa mwenye nyumba, naye Mama Bandeji akaita, "Anayefuata."

Si kwamba hakuwa na sababu ya kunyamaza. Mkurugenzi alikuwa ameshapita uwanjani na wageni wake, akionyesha kwa mkono mahali ghala jipya litakapokaa. Alipoulizwa na nahodha alisema, huku akitabasamu, kwamba timu yenye kombe haifukuzwi uwanjani. Wasichana wale siku nzima wanaongea kwa ishara kwa sababu ya kelele za mashine. Saa ile ya jioni ndiyo pekee wanayosikiana sauti. Hilo Mama Bandeji alilijua kuliko mkurugenzi.

Alikaa na jambo hilo Jumatano, akakaa nalo Alhamisi. Alhamisi jioni alimwambia mumewe wakati anamsogezea kigoda cha kuwekea miguu. Alidhani anajua atakachojibiwa.

"Acha acheze," alisema mume.

"Wewe ndiye wa kusema hivyo? Na magoti hayo?"

"Wangenirudisha leo ningecheza. Hukuniona siku ile. Watu walinibeba."

"Na mimi nakubeba tangu siku ile."

Mzee alicheka. "Ni kweli. Ungenizuia, mke wangu, ningekuchukia."

"Mpaka lini?"

"Pengine mpaka leo." Akalitazama goti lake lililonyooka kama mpini wa jembe. "Ila ningekuwa nakuchukia huku nimechuchumaa."

Wakala, Mama Bandeji akaosha vyombo, na maneno hayo yakabaki naye kama mwiba wa samaki kooni.

Ijumaa asubuhi alimfuata Mnara kwenye mashine. Alimkuta amesimama kwa mguu mmoja, ule wa kulia, kama korongo, mkono ukipita juu ya nyuzi na kuunga zilizokatika. Wa kushoto aliuegemeza kwenye chuma. Hakujua kwamba anaonekana. Mama Bandeji alimtazama kwa muda, akifikiria kwamba hii ndiyo kazi ya msichana huyu mpaka uzee, kusimama. Kisha akamshika bega na kumwashiria nje.

"Daktari yupo leo," alisema walipofika palipo na utulivu. "Twende akalitazame lenyewe, siyo jirani."

"Mama, ni mechi moja."

"Hata nyumbani kwangu ilikuwa mechi moja."

"Ukisema, timu imekufa. Watajua ni mimi."

"Watajua ni mimi."

"Wewe ndiye ulifunga," Mnara alisema, na macho yake yakawa makavu. "Jumanne ulikuwepo. Ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Usidhani nimelala vizuri."

Alitegemea msichana atagoma. Mnara alisimama akipangusa pamba kwenye nyusi, halafu akaanza kwenda, akichechemea waziwazi, labda kwa hasira, labda kwa sababu hapakuwa tena na wa kumficha.

Daktari alilishika goti la kushoto akiendelea kuongea na mtu mwingine, kisha akaacha kuongea. Alivuta mfupa wa chini mbele taratibu. Akafanya hivyo tena.

"Jumanne mlinionyesha lipi?"

"Jirani," alisema Mama Bandeji, akamweleza desturi yote, bila kupunguza.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa koti. Hakufoka. "Mimi nami nilipaswa kupima yote mawili," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Niliona foleni." Akamgeukia Mnara. "Ndani ya goti kuna kamba zinazoshika mifupa isiachane. Moja imechanika, haijakatika. Nadhani haijakatika. Kesho inaweza kumaliza mechi na wewe. Inaweza kukatika ukiruka mara ya kwanza. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

"Ikikatika?"

"Kutembea utatembea. Kuruka, sahau. Kusimama zamu nzima, mwaka baada ya mwaka..." Akainua mabega.

"Na nikipumzika?"

"Ukipumzika kweli, kwa miezi, kuna matumaini makubwa."

Kocha aliitwa. Alisikiliza yote akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa kana kwamba yeye ndiye aliyeumia.

"Hata robo ya mwisho tu, daktari?"

"Goti halijui robo."

Kocha akamtazama Mama Bandeji. Safari hii hakumwamkia. "Mama, ungeniambia Jumanne ningepata muda wa kumwandaa mwingine."

Mama Bandeji aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nitacheza," alisema Mnara. "Goti ni langu."

Ni kweli lilikuwa lake. Sinki likawa linadondosha maji. Kocha alijishika kichwa. Mama Bandeji aliona jinsi anavyopima, upande huu uwanja na wasichana na jina lake mwenyewe, upande ule goti moja la mtu. Aliona pia kwamba mizani haijatulia.

"Akicheza, mimi sitamfunga," alisema. "Wala la kushoto wala la kulia. Mtafute mwingine wa kubeba mkoba."

Mwishoni kocha alisema kwa sauti ndogo, akimwambia Mnara lakini akitazama sakafu, "Kesho uje na gauni. Ukija na jezi nitakuingiza. Najijua."

Mnara akaja na gauni. Lilikuwa la kijani, limepigwa pasi vizuri mno, kama la kwenda kuapishwa. Alikaa kwenye benchi mikono mapajani. Chini ya pete alisimama msichana mfupi wanayemwita Kisoda, na wanawake wa sabuni walipomwona walicheka.

"Mnara umeanguka, wameleta kibuyu," mmoja alisema.

"Kibuyu kina maji ya kukuoshea sabuni," alijibu Kisoda, na kwa dakika chache za mwanzo ilionekana kama atafanya kweli. Alifunga mabao ambayo hakuna aliyeyategemea. Lakini ufupi ni ufupi. Mipira ilipita juu ya vidole vyake, na wa sabuni wakawa wanaiokota kama maembe yaliyojiangukia. Hata hivyo walifukuzana mpaka dakika za mwisho. Wakashindwa kwa bao moja.

Bao moja ni baya kuliko kumi. Kumi unasema hatukuwaweza. Bao moja kila mtu anajua nani angelifunga.

Hakuna aliyemtukana Mama Bandeji. Afadhali wangemtukana. Walikusanya chupa, wakafungasha jezi, na nahodha akamshukuru kwa adabu kama mtu anavyomshukuru mgeni. Mnara aliondoka peke yake, gauni lake likipepea, akichechemea.

Wiki iliyofuata wanaume wawili walikuja na kamba na vigingi kupima uwanja. Wasichana waliendelea kufanya mazoezi kwenye pembe iliyobaki, wakiviruka vigingi, hadi hapo watakapoambiwa basi. Mama Bandeji alikwenda na mkoba wake kama kawaida. Waliojikwaruza walimletea mikwaruzo yao, wakazungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake. Nyumbani mume alimwuliza kama alijuta.

"Sijui," alisema. "Nimechoka kiasi cha kutojua."

"Hilo goti lake vipi?"

"Haji kwangu. Sijaliona."

Mzee akanyoosha mguu apokee soksi.

Ilikuwa asubuhi nyingine, baada ya vigingi kuzungushiwa uzio, alipopita kwenye mashine za kusokota akipeleka dawa ya macho kwa msimamizi. Mnara alikuwa kazini, ameletewa stuli ndefu ambayo sijui nani aliitafuta, lakini haikuwa na kazi kwa sasa, kwani alikuwa amesimama kuunga uzi. Sketi ilikuwa imepanda kidogo. Kwenye goti la kushoto, lile lenyewe, kulikuwa na bandeji. Amejifunga mwenyewe na ilionekana, imelegea juu na kubana chini, ncha inaning'inia.

Mama Bandeji aliweka dawa ya macho juu ya sanduku la nyuzi. Akapiga magoti sakafuni kwenye pamba, polepole, maana hata yake siku hizi yanalia. Akafungua fundo.

Mnara hakusogeza mguu. Mashine zilikuwa zinanguruma, ikabidi ainame sana ndipo asikike.

"Unatazama nini, Mama?"

"Umefunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni."

"Fundi sikuwa naye."

"Fundi alikuwa zahanati. Mlango ni ule ule."

Mikono ya Mnara ilirudi juu kwenye nyuzi, akaendelea kuunga zilizokatika, na chini yake Mama Bandeji alianza upya, kuanzia chini ya goti, akivuta kidogo, akilegeza kidogo, mpaka bandeji ikakaa.