Mashine Iliyomkataa Butoyi

Siku ya kwanza na kompyuta, nilitaka kuacha kazi kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa karani wa wagonjwa katika zahanati yetu ndogo karibu na Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi, mtu wa kalamu na kadi tangu nilipotoka Kivu nikiwa kijana. Mganga mkuu aliingia, akabeba kadi zangu zote. "Mzee, kadi zimekufa. Sasa ni sistimu." Hakunifundisha lolote. Aliniachia Nyakato.

Nyakato alikuwa mwenzetu kutoka ofisi ya Mbarara, binti wa Kinyankole, mwepesi wa mikono na wa hasira. Alinishika mkono juu ya kipanya kama mtoto anayeanza kuandika. "Finya hapa, mzee. Si hapo! Hapa!" Kila mgonjwa lazima apate namba; bila namba, dirisha la dawa halitoi hata kidonge. Nikifinya, inazunguka. Nikisubiri, inanitoa nje. Mtandao ukikatika, naanza upya. Jamani, nilichoka!

Wiki haijaisha, akaja mama wa Kirundi, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Kwao majina ya mapacha hayatafutwi: mkubwa ni Bukuru, mdogo ni Butoyi. Bukuru alikuwa mzima, amekuja kuandikishwa tu. Butoyi alikuwa anawaka malaria. Namba ya Bukuru ikatoka. Nikamwingiza Butoyi, mama yule yule, siku ya kuzaliwa ile ile. Maandishi mekundu yakasema: mtu huyu tayari yupo.

"Futa huyo wa pili," Nyakato akasema. "Tumia namba ya mkubwa. Sistimu iko na akili."

"Akili gani, dada? Kesho Bukuru akiugua, itasema ameshakunywa dawa!"

Mama akasogea mezani. "Niko na wawili hapa, muzee. Iyo mashini haina macho?" Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, dada, unaitwa nani?"

"Nyakato."

"Kwenu, Nyakato ni mutoto gani?"

Kwa Wanyankole pia mapacha wana majina yao, na Nyakato ni yule anayezaliwa nyuma ya mwenzake. Binti akachukua simu, akawapigia wakubwa wake Mbarara, akawafokea kwa Kinyankole mpaka foleni nzima ikatulia. Mimi nilichoelewa ni jina lake tu, alilolirudia tena na tena. Kabla ya chakula cha mchana namba ya Butoyi ilitoka, akapata dawa.

Sasa nimestaafu, na kompyuta siipendi hadi leo. Vijana waliokalia kiti changu wananiambia sistimu ni rahisi. Kuna swali dogo pale, lililoongezwa baada ya siku ile, "Je, ni pacha?", nao hulipita bila hata kulitazama. Nikiwaona, hasira inanipanda upya.

Juzi Butoyi alipita nyumbani kunisalimu. Amemzidi Bukuru kwa urefu.