Lazima Akule

Ubao wa sataranji bado uko juu ya stuli, karibu na dirisha la sebule yangu hapa Kimumu, mjini Eldoret, na kete zimepangwa vilevile alivyoziacha baba yangu aliporudi kwake Turbo. Vumbi limeanza kukaa kwenye vichwa vya askari. Mgeni akija nampitisha upande wa pili kama mtu aliyeficha kitu. Hakuna aliyeibiwa wala aliyepigwa. Nilisema ndiyo mahali pa kusema hapana, basi. Lakini nikienda kufungua pazia asubuhi, naupita ubao ule kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Baba alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala lake la mahindi, akavunjika nyonga. Alipasuliwa hapa mjini, na daktari akataka akae karibu na kliniki mpaka mguu ukubali. Mimi ndiye mwenye nyumba mjini, tena naishi peke yangu, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Ndugu yangu alimleta na godoro lake, mto wake na gunia la viazi, utadhani huku Eldoret hatuna viazi.

Nilipozaliwa nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu tuliotoka upande wa Kati, hajawahi kuniita kwa jina langu, ananiita Mama. Nikiwa mdogo niliona fahari kwamba mzee mzima, anayeogopwa na ng'ombe na watoto, ananiita mimi Mama. Siku hizi neno hilo linanichoma.

Mtaalamu wa mazoezi alituambia wazi, mbele yake, kwamba asipotembea kila siku mguu utakauka, na mwaka ujao atakuwa mtu wa kubebwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Akampa fremu ya kutembelea. Baba akaishukuru ile fremu kwa heshima zote, kisha akaitundikia koti. Nilibembeleza, nikafoka, nikamwita ndugu yangu afoke kwa simu. Jibu lilikuwa moja. "Nitatembea nikifika kwangu. Hapa natembea naenda wapi?"

Kilichomwinua ni fumbo.

Mimi nafundisha hesabu, na kuna kundi letu la walimu wapenda sataranji ambamo kila wiki mmoja hutuma fumbo kwenye simu. Fumbo la wiki ile lilikuwa gumu kweli. Weusi walikuwa na kete nyingi zaidi. Mfalme wao alikuwa amejibanza kwenye kona nyuma ya askari wake, ametulia. Weupe walitakiwa washinde, na ilionekana kabisa kwamba njia ni kutoa sadaka: kumrushia mfalme vitu vya thamani mpaka atoke kwenye maficho yake. Vitu gani, na kwa mpangilio upi, hapo ndipo tulipokwama sote. Nilizipanga kete kwenye ubao ili niliangalie vizuri.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni fumbo, Baba. Weupe wanashinda, lakini haionekani vipi."

"Na ni nani anacheza?"

"Hakuna mtu. Ni ya kufikiria tu."

"Kwa hivyo unakaa hapo kuangalia mchezo haina wenyewe." Akavuta kiti. "Hebu nionyeshe vile zinatembea."

Baba alikuwa bingwa wa drafti pale Turbo, ile ya vifuniko vya soda, zamani zile madereva wa malori walipokuwa wakisubiri mizigo. Walikuwa wanamkimbia. Alishika mwendo wa kila kete upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Farasi peke yake ndiye aliyemtatiza, akamtukana kidogo kwa Kikikuyu, wakaelewana. Nami nikaona mwanya. Nikamwambia: asubuhi unatembea mpaka kwenye geti na kurudi, jioni nikitoka shule tunakaa kwenye ubao. Usipotembea, nafunika na kitambaa.

Alitembea. Jirani yangu, mama mmoja anayeniletea maziwa, ndiye aliyekuwa akinipa ripoti. Mzee alikuwa anafika kwenye geti, anasimama akiegemea fremu, anawatazama wale wanaofanya mazoezi ya mbio barabarani. "Hawa wanakimbia nini na mvua haijaanza?" alimuuliza siku moja. Baada ya muda geti likawa karibu mno, akawa anafika hadi kwenye kioski. Jioni nilimkuta amekaa kwenye ubao, kidole hewani, hagusi kete, anatembeza macho tu. Tulikuwa tunabishana kwa sauti ya juu. Nilifurahi jioni zile, nakiri, ingawa nilikuwa nanung'unika kwamba sipumziki.

Kisha ikaja jioni nilipofika na rundo la karatasi za mtihani, zilizotakiwa zirudi na alama kesho yake. Baba alikuwa amesimama. Amesimama peke yake, mkono mmoja kwenye dirisha.

"Nimeipata. Keti."

Niliketi na mkoba begani. Akachukua ngome nyeupe, akala nayo askari aliye mbele ya mfalme. "Hapa nampa ngome. Anakula." Mfalme akala ngome. "Nampa farasi. Huyu askari anakula." Mstari ukafunguka. "Sasa malkia anaingia hivi. Ataenda wapi? Haendi mahali."

Kwa kweli mfalme hakuwa na pa kwenda. Ilikuwa kazi nzuri, na ile ya farasi sikuwahi kuiwaza. Lakini kabla hajamaliza kuongea nilikuwa nimeshaona tundu. Pale mwanzoni, ngome inapotolewa, mfalme hana haja ya kuila. Pembeni yake kuna nyumba tupu, mraba usio na kete. Anasogea hapo, hatua moja, na ngome inabaki imezungukwa na shambulizi limekwisha. Baba hakuiangalia nyumba ile hata kidogo, kwa sababu katika drafti ukipewa cha kula unakula, upende usipende. Ndivyo alivyowamaliza madereva maisha yake yote: alikuwa anawalisha. Haikumwingia akilini kwamba kuna mchezo ambamo mtu anaweza kukataa.

Akanitazama. Nilitazama ile nyumba tupu, nikatazama rundo la karatasi.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Ndiyo hiyo. Umetushinda wote."

Ningependa kusema nilimhurumia. Huruma ilikuwemo, lakini si hiyo iliyonifungua mdomo. Nilikuwa nimechoka, na nilijua nikisema hapana tutakaa pale mpaka usiku wa manane. Na kuna kitu kibaya zaidi, ambacho nimekitambua baadaye. Ninao wanafunzi darasani ambao nimewakatia tamaa. Wale ninaowatarajia makubwa nawachafulia karatasi kwa wino mwekundu, nawagombeza, narudia swali nao mpaka wanalia. Wale wengine nawapa tiki, natabasamu, nageuza ukurasa. Jioni ile baba yangu nilimpa tiki.

Alifurahi mpaka nikaona haya. Alimpigia simu ndugu yangu, akamweleza mchezo mzima mtu asiyejua farasi anatembeaje. Alimweleza jirani yangu wa maziwa. Watu wa kanisa walipokuja kumwombea, walikuta ubao umepangwa upya tayari, na kabla ya maombi wakaonyeshwa jinsi ya kumlisha adui. "Huyu Mama ni mwalimu," aliwaambia akininyooshea kidole, "na yeye mwenyewe amesema ndiyo hiyo." Nilikuwa jikoni namimina chai. Nilijipa kazi ya kutafuta sukari iliyokuwa mbele ya macho yangu.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia. Kila asubuhi nilijiambia nitamwambia jioni, na jioni namkuta ametembea zaidi ya jana, nanyamaza. Nilijidanganya kwamba uongo wangu ndio unaomtembeza. Hata hilo si kweli. Alikuwa anatembea kabla ya uongo wangu, wakati ule nilipokuwa nikimbishia.

Jumamosi moja akaja mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa kemia, kijana wa huku huku Uasin Gishu, mwenye adabu zake. Alikuja kumjulia hali mgonjwa na akaleta ndizi. Yeye ndiye aliyetuma lile fumbo kwenye kundi. Nilipomwona anavua viatu mlangoni nikajua maji yamenifika shingoni. Nikaanza kuongea habari za mvua, bei ya mbolea, mwalimu mkuu. Baba akanikatiza.

"Kuja uone, mwalimu. Hapa nampa ngome. Anakula..."

"Samahani, Mzee," mwenzangu akasema taratibu. "Na hii mfalme ikikataa kukula?"

Baba akacheka. "Itakataa aje? Umepewa. Ni lazima akule."

"Kwa drafti, ndiyo. Hii chess unaweza kataa, Mzee. Anaenda hapa tu." Akamsogeza yule mfalme mweusi pembeni kwa kidole kimoja, akamrudisha haraka, kama aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Baba aliuinamia ubao kwa muda mrefu. Halafu hakumtazama mgeni. Alinitazama mimi.

Nami nikasema, "Kumbe! Hata mimi sikuiona hiyo."

Nilisema hivyo. Kwa sauti changamfu kabisa.

Mgeni akanywa chai yake upesi, akaaga. Baba akabaki na mikono juu ya magoti. Mtu aliyeishi kwa drafti huwa haangalii kete tu, huangalia macho ya mwenzake yanapotua. Nilikuwa nimelisahau hilo.

"Uliiona," akasema. "Siku ile. Uliangalia hii nyumba, halafu ukaangalia karatasi zako."

Nilijaribu kusema kitu kuhusu afya yake, kuhusu kumtia moyo. Aliinua kiganja, si kwa hasira. Afadhali angekasirika.

"Mimi nilidhani tunacheza, Mama. Kumbe ulikuwa unanilea."

Nililia usiku ule, lakini kulia si kuomba msamaha. Asubuhi nilimwomba. Akasema hakuna neno, ni mchezo tu, na akauliza kama kuna chai. Hakuketi tena kwenye ubao. Alitembea mpaka kwenye geti na kurudi, kwa utiifu, kama mtu anayemeza dawa. Baada ya siku chache akamwita ndugu yangu aje na gari, kabla kliniki haijamruhusu. Alisema mahindi yanahitaji mbolea ya pili na vijana wa siku hizi wanaimwaga kama chumvi. Mimi ningeweza kumzuia. Sikuwa na uso wa kumzuia. Nilikunja godoro lake, nikamfunga mkanda wa gari, akanishukuru kwa kumtunza, kwa maneno mazuri ambayo mtu humwambia mwenye nyumba ya wageni.

Juzi nilipata jibu la fumbo. Nilikuwa nafagia, nikasimama pale na ufagio mkononi. Mwendo wa kwanza hautoi kitu chochote. Askofu mweupe anasogea kimya upande wa mbali, haonekani kutisha, lakini kutoka pale anaichunga ile nyumba tupu. Sasa mfalme hana pa kukimbilia. Weusi hawana muda wa kurekebisha. Halafu ndipo unatoa ngome, na safari hii kweli ni lazima aile, kisha farasi, kisha malkia, vilevile kama alivyosema baba. Alikuwa amepata kila kitu isipokuwa hatua ile moja. Laiti ningesema hapana jioni ile, tungeitafuta wote wawili, na nina hakika angeiona kabla yangu.

Nilitupa ufagio, nikampigia simu. Aliyepokea ni wifi yangu, mke wa ndugu yangu, anayekaa naye boma moja. Akaninong'oneza kabla ya kumpelekea. "Dada, huyu mzee tangu akuje hatembei. Anashinda kwa kiti. Ile fremu tunaanikia nguo. Hebu ongea na yeye, wewe ndiye anasikia."

Nikasikia simu ikibadilisha mkono.

"Baba, habari ya huko?"

"Mzuri sana, Mama. Mahindi iko mpaka kiuno."

Askofu alikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini nikauliza kwanza, "Na mguu? Umetembea leo?"

"Ndiyo, Mama," akasema. Bila kusita, kwa sauti changamfu, sauti ya mtu anayetaka umwache apumzike. "Nimetembea mpaka barabarani na kurudi."

Niliijua ndiyo hiyo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, lile la hapana, naye alikuwa anasubiri, nilimsikia akipumua.

"Vizuri sana, Baba," nikasema. "Endelea hivyo hivyo." Tukaagana, nikarudi kuokota ufagio.