Kuku Walioshibia Nyumba Iliyofungwa

Kilichoninyima usingizi msimu ule hakikuwa vita wala ukosefu wa kazi. Lilikuwa swali hili: kuku wangu wanashibia wapi?

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaomaliza masomo na kurudi kijijini bila barua ya kazi, kama nilivyorudi mimi kijijini kwetu Kashebere na diploma yangu ya kilimo. Siku ya kwanza ya kujaribiwa, Mama Mukubwa, dada ya mama yangu na prezidenti wa shirika la wamama wafugaji, alinikabidhi kikapu cha matembe, yaani kuku majike ambao hawajaanza kutaga. Alinitazama nikimkagua kila mmoja macho, kucha na mabawa, akacheka.

"Enjenieri, hizi ni kuku, haziko wachumba. Zikitaga, wamama watakupa kazi ya kuwafundisha. Zikikataa, utaenda kubeba magunia ya makala ya kupikia sawa wengine."

Banda nililijenga juu ya nguzo, kwa sababu ya tope na ya fungo, yule mnyama wa porini anayeiba kuku. Viota niliviweka pembeni penye giza na kuvitandika majani makavu, kwa kuwa kuku hapendi kutaga mbele za watu. Niliwawekea majivu ya kuogea ili chawa wasiwasumbue. Na kila jioni nilimpapasa kila mmoja jabo, ule mfuko chini ya shingo ambapo chakula hukaa kabla ya kusagwa. Jabo likiwa tupu, kuku ana njaa au anaumwa. Hata leo naanzia hapo ninapofundisha.

Basi jioni moja nilikuta chakula hakijaguswa, na majabo yote yamejaa mahindi. Mahindi sikuwapa mimi.

Vilemba vyao vya kichwani vikawa vyekundu, dalili ya utagaji. Niliwapima mifupa ya nyuma, ile ambayo huachana kuku anapotaga, nikaikuta imeachana vizuri. Viota vikabaki vitupu. Nilisoma upya madaftari yangu ya chuo, nikabadilisha majani, nikahamisha banda. Veterineri, daktari wa mifugo, alipopita na pikipiki kutoka Masisi, nilimwomba awatazame. Alimshika mmoja, akamrudisha chini taratibu.

"Kuku yako iko nataga," alisema. "Sasa ujiulize inatagia nani."

Kesho yake nilikaa kuwatazama. Ukungu ulishuka kutoka msituni baada ya saa sita mchana, kama kawaida yake. Kuku waliacha kuparua wote kwa mara moja, wakainua vichwa. Mimi sikusikia kitu. Wakajipanga mstari, wakapita migombani hadi nyumba ya Mama Sifa, wakapenya mmoja mmoja chini ya mlango wa nyuma.

Mama Sifa alikuwa jirani yetu, mjane. Alikimbia pamoja na wengine vita vilipotufikia, na baadaye habari ikaja kutoka kambi ya wakimbizi kwamba amekufa. Mwili hatukuuona. Tulikaa kilio, pasta akaomba, nyumba ikabaki imefungwa.

Nikaanza kuwaza. Kama ni mwizi aliyejificha, vijana wa kijiji wakijua watamfuata na mapanga. Kama si mwizi, mapanga yatamkuta nani? Nikinyamaza, wamama watakuja kukagua viota vitupu, na kazi nimeikosa. Mwishowe nilimweleza Mama Mukubwa, nikitegemea kicheko. Hakucheka.

"Mutu mwenye watu walishaka kulia sawa mufu hawezi kurudia mu nyumba yake vile tu," alisema. "Inaomba mutu wa ukoo amuwashie moto mu mafiga yake. Moto ikiwaka, njo anarudi mu bazima, mu watu wenye uzima."

Nilimwambia ukoo wa Mama Sifa umetawanyika wote. Nikamuuliza kama anaamini kuna mtu mle ndani.

"Mimi sisemi iko mutu. Nasema kuku haziogopi."

Ukungu uliposhuka tena niliwafuata kuku. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na harufu ya baridi na ya yai bichi. Ndani, mtu alikuwa akimwaga mahindi sakafuni, punje kwa punje.

"Unakuya kunifukuza?" sauti iliuliza.

Nilijitaja, mimi mtoto wa Mama Esta.

"Ah. Ule wa kuwaza-waza. Ungali unapimaka maji na fimbo mbele ya kuvuka?"

Alieleza kwa sauti ndogo kwamba alirudi kutoka kambini kwa njia ya msituni, na kando ya barabara akasikia watu wakimtaja kwa jina, marehemu Mama Sifa. Hapo akaogopa. Akaingia kwa nyuma, akakuta mahindi yake bado darini, na tangu hapo anangoja mtu wa ukoo. Moto hathubutu kujiwashia. Anakunywa mayai yangu mabichi, na kwa hayo aliniomba msamaha.

Sauti peke yake si ushahidi, nilijiambia. Nikamwomba mkono. Ulitokea chini ya mlango, mkavu, wa baridi kama jiwe la mtoni. Lakini mchana ule wa ukungu hata wangu ulikuwa wa baridi. Mimi si wa ukoo wake. Nikiwasha moto, kijiji kitaniuliza mimi. Na kama aliye ndani hayuko hai, nitakuwa nimemkaribisha nani? Nilifikiri nirudi kesho, nimtafute pasta, niandikie kambi. Kuku walikuwa wamelala miguuni pake, nikiwasikia kupitia mlangoni wakinong'ona.

"Mutoto wangu," alisema, "niko nasikia baridi."

Nilikwenda kwetu, nikachota makaa ya moto jikoni kwa mama juu ya kigae. Sikupita migombani. Nilipita barabarani, madereva na wachuuzi wakinitazama, nikausukuma mlango wa mbele wa nyumba ile hadi ukafunguka, nikapiga magoti mbele ya mafiga yake, nikamwita Mama Sifa, kama mtu wa ukoo wake, kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, nikapuliza makaa.